Dawa ya Minyoo

Nyumbani, 4 Juni

Kwa Kitindamimba wangu,

Mimi ni mzima, na ukisikia vinginevyo muulize huyo aliyekuambia kama yeye ana afya ya kunipita mimi. Barua hii naandika kwa mkono wangu. Baba Mdogo wako alitaka kunishikia kalamu, nikamwambia kaa pembeni, mtu aliyejifunza kusoma na mvi kichwani hashikiwi kalamu na mdogo wake. Simu sitaki. Maneno ya simu yanapotea hewani, lakini barua ukiniudhi naisoma tena nakukasirikia mara ya pili.

Mzigo umefika. Kondakta wa basi alikuwa ameushika mbali na mwili kama ameshika bomu. Akaniuliza, "Mzee, humu kuna nini mbona kinatembea?" Nikamjibu, "Wafanyakazi wangu." Nimefungua sanduku, minyoo wekundu, wanang'aa kama wamepakwa mafuta. Ile chupa kubwa ya chachu nimeinusa, inanuka uji uliosahauliwa. Unasema mna vijidudu humo vinavyokula mabua na havionekani. Sibishani. Macho hayakuviona lakini pua imeviona.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Baba Mdogo wako amesimama mbele ya ukoo wote akasema shamba aliloliacha baba yetu limekufa, udongo umekuwa jivu, haufai kitu ila tofali. Mfyatua Matofali keshakuja kuutazama. Aliuchota mkononi, akautemea mate, akaufinyanga, akatabasamu. Mwanangu, sijaumwa na kitu maishani kama lile tabasamu. Akipewa atachimba mpaka libaki shimo, udongo aupakie kwenye lori aende kuuchoma kwenye tanuru lake ng'ambo ya mto.

Nikasimama. Nikasema nipeni msimu mmoja. Nitalima kwa mboji aliyosomea mwanangu. Mahindi yakitoka kijani, shamba linabaki, na ni la Kitindamimba siku atakayorudi. Yakitoka manjano kama ya mwaka jana, nitaweka saini mwenyewe na sitatia neno. Wakakubali. Wengine wakacheka, eti Mzee Moto kawa mfuga minyoo! Jina hilo walinipa kwa sababu kila baada ya mavuno nilichoma mabua yote, na hakuna shamba lililokuwa safi kama langu, hata adui yangu anakiri.

Lundo nitalijenga uani, chini ya dirisha la chumba chako, niwe naliona. Si unajua shamba lenyewe linaanzia kwenye kizingiti.

Niandikie taratibu zote. Andika herufi kubwa, usiandike kama daktari.

Ni mimi Baba yako,
Mzee Moto


Mjini, 11 Juni

Baba, shikamoo.

Nimefurahi mzigo umefika salama. Nakuandikia hapa bandani kazini, tunapopikia mboji, nimekalia gunia la maganda yaliyotoka sokoni.

Katakata mabua yawe ya urefu wa kiganja. Tandaza tabaka la mabua, juu yake maganda ya maharage na majani mabichi, halafu samadi, halafu unyunyize chachu uliyoichanganya na maji, kisha uanze tena mpaka lundo likufike kifuani. Ukichukua konzi ukaikamua, iwe kama kitambaa ulichokwisha kukikamua, si kinachochuruzika. Lundo litapata moto wenyewe, Baba, bila kiberiti. Usiogope na usilimwagie maji kulizima! Hao ni vijidudu wanafanya kazi. Moto ukipungua ligeuze, litapata moto tena, ligeuze tena. Minyoo wasubiri kwenye sanduku lao kivulini mpaka lundo lipoe kabisa. Ukiwatia kwenye moto umewapika.

Wakishaingia, usisahau kuwapa dawa ya minyoo, ile ya kwenye chupa ndogo yenye kizibo chekundu. Kidogo kidogo tu. Ndiyo inayowachangamsha. Ikiisha niambie nitatuma nyingine.

Hapa sisi wazima. Kikohozi kidogo cha vumbi, kila mtu bandani anacho. Baba, sijui niliandike vipi hili, kwa hiyo naliandika tu: nataka kurudi. Nimechoka huku. Nikifumba macho mahali pekee ninapopaona ni hapo kizingitini, na shamba mbele. Usikubali wachimbe.

Mwanao,
Kitindamimba


Nyumbani, 2 Julai

Kitindamimba,

Njoo uone! Lundo langu lilitoa moshi asubuhi mpaka mama wa jirani akaja mbio na ndoo ya maji, akidhani Mzee Moto karudia mambo yake. Nikamzuia getini. Nikamwambia tia mkono. Akautia akautoa upesi, akasema, "Limelala na homa hili!" Nikamwambia hiyo si homa, hao ni vijidudu wangu wako zamu. Sasa wanakuja wanawake wa ng'ambo ya kijito kulitazama, wanasimama kwa adabu kama kwenye maonyesho. Baba Mdogo wako naye alipita, akalizunguka mara moja mikono nyuma, akasema, "Linanuka vizuri kuliko wewe, kaka." Kwa mtu kama yeye hiyo ni sifa.

Limegeuzwa, limepoa, minyoo wameingia. Wanakula mchana kutwa kama wamealikwa. Ile chupa ndogo imekwisha. Najua ulisema kidogo kidogo, lakini mimi si mtu wa vijiko. Wala usihangaike kutuma nyingine. Nimekwenda mwenyewe kwenye duka la pembejeo pale stendi.

Yule muuza duka ni mtu mwema, ila ana maswali. Nikamwambia, "Nipe dawa ya minyoo." Akauliza, "Ya watoto au ya mifugo?" Nikamwambia, "Ya minyoo wangu mwenyewe." Akanitazama tumbo. "Wanakusumbua, mzee?" "Kwa kula tu, wana njaa hao!" "Unawaona?" "Kila asubuhi. Wamenona, wengine urefu wa kidole." Akashika mdomo. "Pole sana mzee wangu, na umri huu." Nikamwambia, "Pole ya nini? Hiyo ndiyo faida yangu." Hapo akaita na mkewe aje anione. Wakanong'ona. Mwishoni akasema kwa hali hiyo dawa ya watu haitoshi, akanipa kopo la ile wanayopewa ng'ombe, kali kuliko zote. Nikatoka kifua mbele.

Kesho asubuhi nawamwagia kopo zima. Mvua zikianza utasikia habari za shamba hili huko huko mjini.

Ni mimi Baba yako,
Mzee Moto, Bwana Mboji


Mjini, 9 Julai

BABA USIMWAGE.

Kama barua hii imekuta hujamwaga, lifunike kopo ulizike mbali. Dawa ya minyoo ya dukani ni ya KUUA minyoo. Ni ile wanayopewa watoto na ng'ombe ili minyoo wa tumboni wafe. Kosa ni langu. Ile ya chupa ndogo ni sukari guru na chachu tu. Hapa bandani tumezoea kuiita dawa ya minyoo, kwa utani, tumeizoea mpaka nimesahau kwamba watu wengine wote duniani wakisema neno hilo wana maana nyingine. Nimesoma barua yako nikakaa chini kwenye ngazi.

Nimebembeleza dereva aichukue leo leo. Niambie imekuwahi. Neno moja tu Baba, hata kama umekasirika.

Mwanao


Nyumbani, 15 Julai

Kitindamimba,

Barua yako imeniwahi. Tena imeniwahi sana. Unadhani Baba yako ni mtu wa kumwaga kitu bila kukisoma? Nililitazama lile kopo nikasema hapana, hapa kuna jambo. Minyoo ni wazima, wanakula, wananijua hata kwa sauti. Kaa kwa amani.

Ila kuna jirani mmoja ambaye naye anafuga. Yeye si makini kama mimi. Anaomba nikuulize. Mnyoo akipanda juu ya lundo na wenzake wote kwa pamoja, wakalala juu juani wamelegea kama kamba za viatu, je, huko ni kulala? Na ukimwosha mnyoo kwa maji safi anaweza kuamka? Na akianza kunuka, bado kuna la kufanya?

Jirani huyo anataka jibu upesi. Mwanangu, jirani huyo siku hizi chakula hakimshuki. Anasema kama una minyoo wengine hata konzi moja wape kondakta.

Si mimi. Mimi sina shida.

Ni Baba yako


Nyumbani, 20 Julai

Mwanangu,

Ni mimi Baba Mdogo wako. Mimi si mtu wa barua kama kaka, ambaye siku hizi anaandika hata akikosa chumvi. Lakini hii naiandika kwa sababu najua amekudanganya.

Minyoo wamekufa. Nilimkuta asubuhi ile amepiga magoti uani na bakuli la maji, anawaosha mmoja mmoja, anawapanga kwenye jani la mgomba, anawapepea na kofia. Nikamwambia, "Kaka, hawa wamekwenda." Akasema, "Wamechoka tu. Walifanya kazi sana." Nikakaa naye. Nikamshikia bakuli.

Sasa kutwa yuko kwenye mitaro ya watu na jembe anatafuta minyoo wengine. Anachimba kisimani, anachimba nyuma ya bafu za watu, amefukuzwa mahali pawili. Anaowapata ni wale weusi wa ardhini, akiwatia kwenye lundo wanatoroka, na yeye anawakimbiza kwa magoti akiwatukana. Juzi ameanguka mtaroni. Hajavunjika kitu, lakini anatembea ameegemea ukuta, na nikimshika mkono anautoa.

Ni mimi niliyesema shamba lichimbwe, na najua hapo kwako mimi ndiye adui. Udongo ule nimeulima miaka nisiyoweza kuihesabu, ukanikatisha tamaa, basi. Lakini hata mimi sikutaka nishinde namna hii. Mwambie akubali yaishe. Wewe anakusikia. Au njoo mwenyewe, umwone, kabla hajajimaliza.

Baba yako Mdogo


Mjini, 28 Julai

Baba Mdogo, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikalia, halafu nikakohoa, halafu sikujua tena ni kipi kati ya viwili. Ninachokuandikia kibaki kwako.

Siwezi kuja. Bandani sipo tena. Kile nilichokiita kikohozi cha vumbi si cha vumbi. Lundo likigeuzwa, unapaa ukungu mwembamba kama unga, na watu wengi hauwafanyi kitu. Mimi ni mmoja wa wachache ambao kifua chao kinaukataa. Daktari amenionyesha picha ya mapafu yangu. Amesema nikiendelea kuuvuta yatakauka kama ngozi ya ngoma, na yakishakauka hayarudi. Nisikae tena penye kitu kinachooza, wala mabua makavu, wala pumba. Wala hata nyumba ya jirani na vitu hivyo. Na lundo la Baba, Baba Mdogo, liko chini ya dirisha langu, na shamba linaanzia kizingitini.

Hapa nimehifadhiwa na rafiki yangu mshona nguo. Chumba kimejaa nyuzi na manyoya ya vitambaa, na hayo nayo yananikaba. Ngazi za kwake nazipanda kama mlima. Ameshaanza kuniuliza kwa upole kama sina ndugu. Ninao, namwambia. Halafu nageukia ukutani.

Usimwambie Baba. Ukimwambia atafanya jambo, na jambo lenyewe unalijua. Acha kwanza aliokoe shamba. Mimi nitasubiri, nitatafuta pengine.

Minyoo walikufa, lakini mayai yao yana ganda, na mengi huwa yanapona. Aondoe tabaka la juu lililolowa dawa alizike mbali. Chini, pembeni penye unyevu, atafute vipunje vya manjano vyenye umbo la limau, vidogo kama punje ya mtama. Avihamishie kwenye mboji isiyoguswa na dawa, aifunike na gunia bichi, asubiri. Mwambie umesoma gazetini. Akijua imetoka kwangu atajua kwamba nimejua, na aibu hiyo hataibeba.

Najua ninayemwomba ndiye ambaye angefaidi Baba akishindwa. Nakuomba hivyo hivyo.

Mwanao,
Kitindamimba


Nyumbani, 30 Agosti

Kitindamimba,

WAMERUDI! Vitoto vyembamba kama uzi, vyeupe, havijapata hata rangi, vimejaa chini ya gunia! Nasema wamerudi kwa maana walikuwa wamekwenda kutembea. Usiulize sana.

Mambo ya ajabu, Baba Mdogo wako, mtu ambaye gazeti kwake ni la kufungia sabuni, alikuja akaniambia amesoma habari za mayai ya minyoo. Nikamwambia, "Umesoma wapi?" Akasema, "Gazetini." Nikamwambia, "Lipi?" Akasema, "Kaka, unataka mayai au unataka gazeti?" Tukapiga magoti pamoja, wazee wawili, kila mtu na miwani yake, tunachambua mboji kama tunachambua mchele. Tangu utoto hatujakaa hivyo. Aliona la kwanza yeye, lakini mimi nimeona mengi zaidi, hilo aliandike popote.

Sasa lundo ni jeusi chini, juu bado. Likiachwa mpaka mvua zianze, litatosha kila shimo la mbegu. Likiguswa kabla, litachoma miche na yatatoka mahindi yale yale ya manjano. Kwa hiyo mimi sigusi. Nalilinda kama yai.

Lakini mwanangu, kwa nini huji? Ulisema unataka kurudi, uliandika mwenyewe, ninayo hapa. Nimekutumia barua kwa kila basi na hujibu. Kama ni aibu ya kurudi mikono mitupu, hapa nani anatazama mikono ya mtu? Kondakta anasema siku hizi mizigo hupokei wewe, anapokea mwanamke mwingine. Nimeuliza Baba Mdogo wako, anatazama miguu yake. Sipendi mtu akitazama miguu yake.

Mimi naweza kukaa bila chakula, hilo nimeligundua mwaka huu. Bila jibu siwezi. Andika. Andika hata matusi.

Ni mimi Baba yako,
Mzee Moto


Mjini, 7 Septemba

Baba, shikamoo.

Samahani kwa kimya. Kazi zimenibana, tumepata banda jipya, na kubwa. Hongera kwa minyoo kurudi matembezini.

Mwaka huu sitaweza kuja. Labda ujao. Baba nakuomba, lundo lisiguswe kabla ya mvua. Shamba kwanza. Shamba likiwepo, na mimi nipo.

Usiniwazie. Mwandiko umekaa vibaya kwa sababu meza inatikisika.

Mwanao


Nyumbani, 15 Septemba

Kitindamimba,

Hakuna meza inayotikisika hivyo. Mimi nimejifunza kuandika uzeeni, mkono unaotetemeka naujua, nimekaa nao darasani.

Nilichukua barua yako nikaenda kwa Baba Mdogo wako, nikaiweka mbele ya sahani yake. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii meza ni ya namna gani?" Akaacha kula. Nikamwambia kama mtoto wangu amekufa na hizi barua anaziandika mtu mwingine, sema nisikie. Hapo akasema. Alisema yote, mpaka ya ngazi. Usimkasirikie. Aliitunza siri yako kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutunza kitu chochote, na nusura imuue.

Unajua mimi sijui kukaa.

Asubuhi nililowesha lundo lote, ndoo kwa ndoo, likalowa mpaka halikuweza kutoa hata chembe. Halafu nikavuka kijito kwa fimbo yangu, nikawaambia wale wanawake njooni na vikapu. Wakadhani naota. Wakaja. Nikawagawia lote, jeusi kwa bichi, na vitoto vya minyoo ndani yake, nikawafundisha kama ulivyonifundisha wewe: kitambaa kilichokamuliwa, kivuli, dawa ya minyoo ni ile ya sukari guru, na ole wake atakayekwenda dukani kutaja jina hilo. Mmoja aliniuliza, "Mzee, na wewe unabaki na nini?" Nikamwambia mimi nina akiba ya mambo mengine. Walibeba, na jioni haijafika ua ukawa mtupu. Mabua yote ya shambani nayo wakayafunga, wakayavusha.

Baba Mdogo wako alisimama kizingitini ameshika kichwa. "Kaka, una wazimu? Minyoo wamerudi, mvua iko juu ya paa, ngoja kidogo tu!" Nikamuuliza, "Mwanao akiwa amekabwa koo, utamwambia ngoja kidogo tu?" Akasema basi tuliache shamba likae bure, yeye haudai tena huo mkataba, ataongea na ukoo. Nikamwambia hapana. Shamba la mahindi ni mabua, kila mwaka, na hili linaanzia mlangoni. Tena mimi nilisema mbele ya watu, na sijawahi kula maneno yangu, hayana ladha. Akageuka. Ukisikia kuna mzee alililia shamba siku ile, ni yeye. Mimi nilikuwa na jasho.

Akikuambia mboji ilikuwa bado kidogo tu iive, usimsikilize. Hajui mboji.

Saini nimeweka mwenyewe, jina zima, na Mfyatua Matofali akasifu mwandiko. Ameanza kuchimba mwisho wa shamba kule mbali. Nimemwekea sharti: kabla ya koleo kugusa ardhi, anyunyize maji, na akinirushia vumbi upande wa nyumba nitamvunjia lile lori kwa mikono hii. Ananyunyiza. Alipouchota udongo safari hii sikumtazama usoni.

Chumba chako nimekiosha, kuta na dari na sakafu, maji matupu bila ufagio mkavu. Godoro la pamba nimelitoa. Mbuzi nimempeleka kwa Baba Mdogo wako, analalamika, namaanisha Baba Mdogo. Halafu nikafunga mlango nikakaa humo ndani mchana kutwa, navuta pumzi ndefu ndefu, kuijaribu hewa. Hakuna kitu. Nimeivuta yote, mwanangu, pembe zote, hata chini ya kitanda.

Njoo.

Baba yako